Malaria Wakati wa Ujauzito na Athari Zake kwa Mama na Mtoto Mchanga: Mtazamo Kutoka Kata ya Gongoni, Manispaa ya Tabora

1.0 Utangulizi

Gongoni ni miongoni mwa kata za mjini katika Manispaa ya Tabora, mji ulioko kwenye uwanda wa magharibi mwa Tanzania, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo ungeweza kumfanya mtu adhani kuwa mji huu hausumbuliwi sana na malaria, kwa kuwa nyanda za juu za nchi hii kwa kawaida huhusishwa na baridi na uchache wa mbu. Hali haiko hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Tabora ndio mkoa uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote: takriban watoto 23 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa walikutwa na vimelea vya malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa takriban watoto 8.

Takwimu hizo zinahusu watoto, wala hazimtaji mjamzito. Hata hivyo, mtoto wa miaka miwili na mama yake mwenye mimba ya miezi mitatu hulala katika chumba kimoja, mara nyingi kitanda kimoja, na mbu anayemuuma mmoja huweza kumuuma mwingine usiku uleule. Kiwango cha maambukizi kwa watoto ni dalili ya hatari inayomkabili mjamzito wa mahali hapo. Tofauti ni kwamba mtoto huugua waziwazi, kwa homa, kutapika na degedege, ilhali mama anaweza kubeba vimelea kwa wiki nyingi bila kuhisi lolote la kumpeleka zahanati. Makala hii inaeleza namna hali hiyo inavyotokea, madhara yake kwa mama na mtoto, na sababu zinazofanya kinga iliyopo, ambayo ni rahisi na hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, iwafikie wengine kwa kuchelewa.

2.0 Mji wa misafara na homa zake

Tabora ilikua kama njia panda. Katikati ya karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo na maeneo mengine ya pwani ilikutana Unyanyembe, kisha ikagawanyika: wengine wakaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, wengine Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa, mahali walipopaita Kazeh, mwaka 1857. Stanley alifika Kwihara, jirani na mji wa leo, mwaka 1871 akalazwa na homa kwa siku nyingi, na mwaka uliofuata Livingstone aliishi hapohapo akisubiri wapagazi kabla ya kuanza safari yake ya mwisho. Maandishi ya wasafiri hao yamejaa homa: siku za kutetemeka, kuweweseka na vipimo vya kwinini. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao baadhi yao walisafiri na wake zao, hawakuacha shajara za namna hiyo. Ni vigumu kuamini kwamba wanawake waliobeba mimba njiani hawakupatwa na homa ileile. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika.

Historia hiyo haikutajwa hapa kwa ajili ya pambo. Kinga dhidi ya malaria hujengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara, na hupungua mtu anapoishi kwa muda mrefu mahali pasipo na mbu wengi. Mgeni aliyetoka Uingereza hakuwa nayo kabisa. Mwenyeji wa Unyanyembe aliyefikia utu uzima alikuwa nayo kwa kiasi. Kanuni hiyo haijabadilika, isipokuwa njia ya msafara sasa ni ya chuma. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na leo mji huu ndio makutano ya reli ziendazo Kigoma, Mwanza na Mpanda. Mikoa ya Dodoma, Arusha na Kilimanjaro ni miongoni mwa yenye maambukizi ya chini kabisa nchini. Binti aliyeolewa Dodoma, akapata mimba huko, kisha akapanda treni kuja kujifungulia kwa mama yake Gongoni kama desturi za familia nyingi zinavyotaka, hupita katika safari moja kutoka sehemu yenye malaria kidogo sana hadi mkoa unaoongoza kwa malaria. Huja akiwa amepoteza sehemu ya kinga yake, na mara nyingi huja katika miezi ya mwisho. Swali la kwanza la mkunga kwa mama wa namna hii lingefaa kuwa ametoka wapi.

Mazingira ya mji nayo huchangia. Mvua za Tabora hunyesha katika msimu mmoja mrefu, takriban Novemba hadi Aprili, na maambukizi huongezeka kadiri msimu unavyosonga na mara baada ya mvua kwisha. Majina ya baadhi ya kata za manispaa, kama vile Mbugani na Chemchem, yenyewe yanazungumzia maji. Mabonde ya mbuga hulimwa mpunga, zao ambalo Tabora inasifika kwalo, na maji yaliyotuama kwenye majaruba yenye jua ndiyo mazalia yanayopendwa na mbu aina ya Anofelesi. Mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali, mitaro iliyoziba na madimbwi ya barabarani hukamilisha kazi hiyo ndani ya mji wenyewe.

3.0 Kwa nini mjamzito

Mwanamke aliyekulia Tabora huwa ameshaugua malaria mara nyingi utotoni, na kufikia utu uzima mwili wake huwa umejifunza kuvitambua vimelea vingi vinavyozunguka eneo lake. Haambukizwi kwa urahisi wa mtoto, na akiambukizwa haugui sana. Hapo ndipo linapozuka fumbo lililowashughulisha watafiti kwa muda mrefu: kwa nini mwanamke huyohuyo, akishika mimba ya kwanza, huonekana kana kwamba amepoteza kinga yake yote, na kwa nini kinga hiyo hurudi kidogokidogo katika mimba ya pili, ya tatu na ya nne? Kama sababu ingekuwa udhaifu wa mwili unaoletwa na ujauzito peke yake, mimba zote zingekuwa na hatari sawa.

Jibu lilipatikana kwenye kondo la nyuma, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Afrika Mashariki. Kimelea cha Plasmodiamu falsiparamu kikishaingia katika seli nyekundu ya damu hutoa protini zinazojitokeza juu ya ngozi ya seli hiyo na kuifanya inate kwenye kuta za mishipa midogo, ili isipite katika bandama na kuharibiwa. Mwaka 1996 Fried na Duffy, wakitumia vimelea vilivyopatikana kwa wanawake wa magharibi mwa Kenya, walionesha kuwa vimelea vya kwenye kondo hunata kwenye kitu mahususi, kondroitini salfeti A, kilichopo kwa wingi ndani ya kondo. Baadaye protini inayofanya kazi hiyo ilitambuliwa, nayo ikapewa jina la VAR2CSA.

Maana yake ni hii. Kabla ya mimba ya kwanza mwanamke hana kondo, kwa hiyo vimelea vya namna hiyo havina pa kunata na mwili wake haujawahi kujengewa kingamwili za kuvizuia. Mimba inapotungwa na kondo kuanza kukua, huwa limefunguliwa shamba jipya ambalo askari wa zamani hawalijui. Kingamwili huanza kutengenezwa baada ya maambukizi ya mimba ya kwanza, na huwa tayari kwa mimba zinazofuata. Kwa lugha ya wazi, mtoto wa kwanza ndiye anayelipa gharama ya somo ambalo wadogo zake watafaidika nalo.

Kutokana na maelezo hayo, umri wa uzazi unakuwa jambo la malaria pia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kuwa mkoani Tabora wasichana 43 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba ya kwanza, idadi iliyozidiwa na ya Katavi tu, wakati wastani wa nchi ulikuwa 27. Mimba hizo karibu zote ni za kwanza. Tena ni mimba zinazofichwa zaidi, na msichana anayeificha mimba hafiki kliniki mapema.

Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI hali hubadilika. Faida ya mimba zilizotangulia hupungua, naye huweza kuwa katika hatari kubwa hata akiwa na mimba ya nne. Vivyo hivyo kwa yule aliyetoka mikoa yenye malaria kidogo: kwake kila mimba ni kama ya kwanza, na homa yake huweza kuwa kali kwa muda mfupi sana.

4.0 Athari kwa mama

Athari iliyoenea zaidi ni upungufu wa damu. Vimelea huharibu seli nyekundu vinapozaliana ndani yake, na mwili, katika kupambana navyo, huharibu nyingine ambazo hazijaambukizwa na kupunguza utengenezaji wa mpya. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu iwapo hemoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita, na upungufu mkali ikiwa chini ya gramu 7. Tatizo ni kwamba dalili zake zinafanana na zile ambazo jamii inazihesabu kuwa za kawaida kwa mwenye mimba: kuchoka, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, kukosa pumzi akipanda kilima na ndoo ya maji. Mama huambiwa na majirani kuwa ndivyo mimba zilivyo. Wengine hupata hamu ya kula udongo, ambao huuzwa sokoni kwa bei ndogo, na hamu hiyo yenyewe mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma. Minyoo ya safura na lishe duni huongezea pale malaria ilipoanzia.

Upungufu huu huonekana uzito wake siku ya kujifungua. Mwanamke mwenye damu ya kutosha huweza kustahimili kupoteza nusu lita ya damu bila hatari kubwa. Aliyeingia chumba cha kujifungulia akiwa na gramu 6 hana akiba hiyo, na kutoka damu kwa kiasi ambacho kwa mwingine kingekuwa cha kawaida huweza kumuua. Katika daftari la kituo kifo hicho kitaandikwa kuwa kimetokana na kutoka damu baada ya kujifungua, nayo malaria iliyoimaliza akiba miezi mitatu kabla haitatajwa. Kwa sababu hiyo hesabu ya vifo vya uzazi vinavyotokana na malaria, popote inapofanywa, ina uwezekano mkubwa wa kuwa pungufu.

Malaria kali ni nadra zaidi kwa wenyeji, lakini inapotokea kwa mjamzito huwa na hatari kubwa ya kifo kuliko kwa mtu mzima asiye na mimba. Sukari ya damu hushuka ghafla, mapafu hujaa maji, na ubongo huathirika hadi kuleta mitukutiko na kupoteza fahamu. Hapa kuna mtego ambao wauguzi wanaujua vizuri. Mjamzito wa miezi minane anayeletwa akitukutika anaweza kuwa na malaria iliyopanda kichwani, au anaweza kuwa na kifafa cha mimba, na kwa macho ya waliomleta yote mawili ni degedege. Tiba zake hazifanani kabisa. Shinikizo la damu, kipimo cha protini kwenye mkojo, kipimo cha malaria na cha sukari ndivyo vinavyotenganisha magonjwa hayo, na vyote hivyo huweza kufanyika kwa dakika chache mahali vifaa vilipo. Kumcheleweshea mgonjwa nyumbani kwa kuamini kuwa degedege halichomwi sindano, imani ambayo bado imebaki katika baadhi ya familia, humnyima mama nafasi ya kutibiwa ugonjwa wowote kati ya hiyo miwili.

5.0 Athari kwa mtoto tumboni na baada ya kuzaliwa

Kondo ndilo linalopitisha oksijeni na chakula kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Linapojaa seli zenye vimelea, seli nyeupe za ulinzi hukusanyika humo, utando hunenepa na mtiririko wa damu hupungua. Mtoto huendelea kuishi, lakini kwa mgao pungufu. Baadhi huzaliwa wadogo kuliko umri wa mimba. Wengine huzaliwa kabla ya wiki 37, wale wanaoitwa njiti. Yote mawili huishia kwenye mizani: mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu, na uwezekano wake wa kufa katika mwezi wa kwanza huwa mkubwa kuliko wa mwenzake aliyezidi uzito huo.

Wengine hawafiki kwenye mizani wakiwa hai. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa kati ya asilimia 12 na 20 ya watoto wanaozaliwa wafu katika maeneo yenye malaria kusini mwa Sahara vifo vyao vinahusiana na malaria ya ujauzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022, katika nchi 33 za Afrika zenye maambukizi ya kati na ya juu, wajawazito milioni 12.7 kati ya takriban milioni 36 walipatwa na maambukizi. Mama anayezaa mtoto mfu Gongoni hapati maelezo ya namna hii. Kwa kawaida hubaki na maelezo ya mtaani, ambayo humtafuta mwenye jicho baya au humlaumu yeye mwenyewe kwa kubeba mizigo. Kondo huzikwa au huteketezwa bila kupimwa, wala kituo cha kawaida hakina uwezo wa kulipima.

Jambo linaloeleweka vibaya mara nyingi ni kwamba kipimo cha damu ya kidoleni huweza kuonesha kuwa mama hana malaria wakati kondo lake limejaa vimelea. Vimelea hivyo vimenata ndani. Vinavyozunguka mwilini ni vichache mno kuonekana kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka. Majibu mazuri ya kipimo hayamwondolei mjamzito haja ya dawa ya kinga.

Mtoto mwenyewe kuzaliwa na malaria inayomuumiza ni jambo la nadra katika maeneo yenye maambukizi mengi, kwa kuwa kingamwili za mama na aina ya hemoglobini aliyozaliwa nayo humlinda kwa miezi ya mwanzo. Hata hivyo, athari ya kondo haiishii siku ya kuzaliwa. Utafiti uliofanywa Muheza, mkoani Tanga, na Mutabingwa na wenzake, ukachapishwa mwaka 2005, uliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa na kugundua kuwa malaria ya kwenye kondo pamoja na idadi ya mimba za mama hubadili uwezekano wa mtoto kuambukizwa. Walioathirika zaidi walikuwa watoto wa akina mama waliokwisha kuzaa mara kadhaa na waliokuwa na malaria ya kondo. Ugunduzi huo unashangaza kidogo, kwa kuwa hao ndio akina mama ambao huduma huwaona kuwa wazoefu wasiohitaji uangalizi mkubwa.

6.0 Kinga na hesabu ya wiki

Nguzo za kinga ni mbili: chandarua chenye dawa na vidonge vya SP. Tanzania ilianza kutumia SP kama kinga kwa wajawazito mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa dozi mbili. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilibadili pendekezo lake: mjamzito apewe dozi katika kila hudhurio la kliniki kuanzia miezi mitatu ya kati ya mimba, dozi zikiachana kwa angalau mwezi mmoja, ili apate tatu au zaidi. Kila dozi ni vidonge vitatu, vinavyomezwa kwa pamoja mbele ya mhudumu, hata kama mama hajala. Sharti la kumeza mbele ya mhudumu lina sababu: vidonge vinavyobebwa kwenda nyumbani huweza kugawiwa mwenye homa.

Dawa hii haitolewi kabla ya wiki ya 13. Mama anayeanza kliniki wiki ya 14 na kurudi kila baada ya wiki nne anaweza kupata dozi katika wiki za 14, 18, 22, 26, 30, 34 na 38, yaani saba. Anayeanza wiki ya 24 bado anaweza kupata nne. Anayeanza wiki ya 30 hupata tatu kwa shida, na akijifungua mapema hupata mbili. Kwa hiyo kuchelewa peke yake hakumnyimi mama dozi tatu. Kinachomnyima ni kuchelewa kukijumlishwa na hudhurio moja lililokosewa, au siku ambayo dawa zilikuwa zimekwisha kituoni. Tena ratiba ya mahudhurio manane iliyopendekezwa mwaka 2016 inaweka hudhurio la kwanza ndani ya wiki 12, kabla dawa haijaruhusiwa, na la pili wiki ya 20. Asipopangiwa kurudi kati ya wiki ya 13 na ya 16, mama aliyejitahidi kuwahi kuliko wote atasubiri hadi wiki ya 20 kuanza kinga. Shirika hilo lenyewe lilishauri kuongezwa kwa hudhurio hilo la kati, na mkunga anayeandika tarehe ya kurudi kwenye kadi ya RCH-4 ndiye anayeamua kama ushauri huo utakuwa na maana.

Katika wiki 13 za mwanzo, wakati kondo linajengeka, chandarua ndiyo kinga pekee. Kwa muda mrefu chandarua hicho kimetolewa kliniki: kwanza kwa mpango wa Hati Punguzo ulioanza mwaka 2004, baadaye kwa kugawiwa bure katika hudhurio la kwanza. Mama anayehudhuria kwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitano hupokea chandarua ambacho alikihitaji zaidi miezi mitatu nyuma. Mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule, ulioanzia Lindi, Mtwara na Ruvuma mwaka 2013 na kupanuliwa katika mikoa mingine, una faida ambayo haitajwi sana: chandarua humfikia msichana nyumbani kwao kabla hajashika mimba.

Sababu za kuchelewa ni nyingi na si zote za ujinga, kama inavyosemwa kwa haraka. Wapo wanaoogopa kutangaza mimba changa. Wapo wanaosubiri mume arudi kutoka mashamba ya tumbaku, kwa kuwa wamesikia kuwa asiye na mwenza hapokelewi. Mwongozo wa huduma unahimiza wenza kufika pamoja ili wapimwe, lakini haukusudii kumrudisha mama aliyefika peke yake. Mahali ambapo himizo limegeuka kuwa sharti, anayeumia kwanza ni msichana mwenye mimba ya kwanza ambaye mwenza wake amemkana, yaani yule hasa ambaye kondo lake halina ulinzi.

7.0 Usugu wa vimelea

SP iliwahi kuwa dawa ya kutibu malaria nchini, ikichukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001, hadi iliposhindwa na nafasi yake kuchukuliwa na dawa ya mseto, ALu, mwaka 2006. Ni haki kuuliza kwa nini dawa iliyoshindwa kutibu itegemewe kukinga. Swali hilo lilipewa uzito na utafiti mwingine wa Muheza, uliochapishwa mwaka 2009, ulioonesha kuwa mahali penye vimelea sugu kwa kiwango cha juu SP iliambatana na maambukizi mabaya zaidi ya kondo.

Majibu yaliyopatikana tangu hapo si mepesi. Jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Malawi na Tanzania, ambapo vituo vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Handeni, lililinganisha SP na dihidroatemisinini-piperakwini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionesha kuwa dawa mpya ilipunguza malaria zaidi, lakini watoto wa akina mama waliotumia SP hawakuzaliwa na hali mbaya zaidi. Kwa upande wa uzito walikuwa afadhali. Inaelekea SP, ambayo ndani yake mna salfa, husaidia kwa njia nyingine isiyo ya malaria, pengine kwa kudhibiti maambukizi ya bakteria. Ndiyo maana bado inatolewa, na ndiyo maana si sahihi kumwambia mjamzito wa Tabora kuwa amepewa dawa iliyokwisha nguvu.

Mambo mawili ya kituoni yana uzito zaidi kwake kuliko mjadala huo. Folik asidi ya miligramu 5 au zaidi kwa siku hupunguza nguvu ya SP, kwa hiyo hutakiwa itolewe ile ya miligramu 0.4. Pia, mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia kotrimoksazoli hapaswi kupewa SP, kwa kuwa dawa zote mbili zina salfa na zikitumiwa pamoja huongeza hatari ya madhara makali.

8.0 Tiba

Tangu mwaka 2014 utaratibu wa Tanzania Bara unataka kila mjamzito apimwe malaria katika hudhurio la kwanza hata kama haumwi. Akikutwa na vimelea hutibiwa, na SP huahirishwa hadi hudhurio linalofuata. Dawa ya kutibu malaria isiyo kali ni ALu: vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, jumla 24, vikiambatana na chakula chenye mafuta kidogo ili vifyonzwe vizuri. Homa huweza kupoa baada ya siku moja, na hapo ndipo vidonge vilivyobaki huwekwa akiba. Vimelea vilivyobaki kwenye kondo havileti homa, kwa hiyo hakuna kinachomkumbusha mama kuvimaliza.

Kwa miaka mingi mwenye mimba chini ya miezi mitatu alipewa kwinini, dawa chungu inayovuma masikioni na kushusha sukari, na wengi hawakuimaliza. Mwishoni mwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ALu itumike hata katika kipindi hicho, baada ya ushahidi kuonesha kuwa haiongezi kuharibika kwa mimba wala kasoro za mtoto. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesunati katika umri wowote wa mimba, kwa kuwa kumpoteza mama ni kumpoteza na mtoto.

Wanawake wengi, hata hivyo, hawaanzii zahanati. Huanzia duka la dawa muhimu lililo karibu, jioni, wakiwa na homa na shilingi chache, na huomba dawa kwa jina. Muuzaji aliyefunzwa vizuri huuliza siku za mwisho za hedhi kabla hajafungua kabati. Mwanamke wa wiki ya saba, ambaye pengine hajamwambia hata mumewe, hujibu kwa sauti ya chini au hajibu kabisa, na kilichobaki usiku ule hutegemea kama muuzaji ataelewa ukimya huo na kumwelekeza akapimwe, au atamkatia vidonge vinane vya ALu kulingana na fedha aliyonayo.